Shajara ya mradi: jaketi za kuelea za wapiga mbizi wa vizimba, Kisumu

Februari, wiki ya kwanza. Kupokea na kupanga

Jaketi kumi na mbili za kuelea zimeingia karakana. Nane zimekuwa zikitumiwa na wapiga mbizi wanaokagua nyavu za vizimba vya tilapia ndani ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Nne ni mtumba kutoka Pwani, na chembe za chumvi bado zimo kwenye mishono. Kila moja imepewa namba nyuma ya shingo kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na kadi yake ya karatasi ngumu. Kadi ina nafasi ya mambo matano tu: kama inashika hewa, inajaa kwa sekunde ngapi, kila vali inatoa hewa vipi, hali ya kibofu (mfuko wa hewa wa jaketi) kwa ndani, na kipuri kilichobadilishwa. Kadi yenye nafasi ishirini haitajazwa na mtu anayetoka majini akiwa na njaa.

Tunachotafuta ni ratiba ya matunzo inayolingana na ziwa hili. Vitabu vya watengenezaji karibu vyote huandikwa kwa kuwaza bahari, na adui mkuu humo ni chumvi. Huku kuna udongo laini unaoletwa na mito kama Nyando na Sondu, mwani, mizizi ya magugu maji iliyokatikakatika, na joto lenye unyevu lisilokausha kitu chochote kilichofungwa. Jaketi ambayo Mombasa ingeharibika kwa springi kuliwa na kutu, hapa itaharibika kwa kitufe kukwama au kibofu kuoza ndani kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Februari, wiki ya kwanza. Kushika hewa

Kila jaketi imejazwa kwa mdomo mpaka vali ya usalama ikafunguka yenyewe, kisha ikaning'inizwa usiku kucha. Tumejaza baada ya jua kutua, na sababu ipo: hewa iliyojazwa mchana kwa nyuzi 30 ikishuka hadi nyuzi 19 alfajiri hupungua ujazo kwa karibu asilimia 4. Jaketi italegea kidogo bila kuvuja popote, nawe utatumia asubuhi nzima kutafuta tundu ambalo halipo.

Usijaze kwa kompresa ya kujazia magurudumu. Vali ya usalama ya jaketi hufunguka kati ya 0.1 na 0.2 bar hivi juu ya presha ya maji yanayoizunguka, kutegemea mtengenezaji. Kompresa ya karakana inasukuma mara nyingi zaidi ya hapo, na mshono uliochomelewa haurudi ukishaachana.

Saba zimeshika. Tano zimelegea, na hizo zimeingizwa kwenye tangi la maji na kugeuzwa polepole upande kwa upande. Tatu zilitoa mapovu kwenye infleta (kifaa chenye vitufe vya kujaza na kutoa hewa), moja kwenye vali ya kutolea hewa ya chini, moja kwenye mshono wa bega. Povu la sabuni linasaidia pale ambapo tangi halifiki, hasa kwenye shingo ya paipu la mikunjo linalounganisha infleta na kibofu, lakini suuza mara moja. Sabuni ikikauka kwenye kiti cha vali huacha utando, na utando huo unatosha kuleta uvujaji mpya.

Ile iliyovuja chini (namba 5) ilikuwa na uzi wa mzizi wa gugu maji chini ya kiwambo cha mpira, mwembamba kuliko unywele. Pete ya vali hufunguliwa kwa mkono. Ndani mna springi, kiwambo, na kamba ya kuvutia. Futa kiti cha vali kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, angalia kama kiwambo kimejikunja ukingoni, rudisha kwa mpangilio uleule, na kaza kwa vidole tu. Anayekaza kwa koleo huiminya gasketi hadi ikapinda, halafu vali inavuja pale ambapo awali haikuvuja. Kabla ya kukaza, zungusha pete kinyume taratibu mpaka usikie nyuzi zikikaa; plastiki ikishakatwa nyuzi kwa kukazwa upande, vali nzima imeisha.

Februari, wiki ya pili. Infleta

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kitufe cha kujaza kinaposhindwa kurudi, jaketi hujaa bila kuombwa, na mpiga mbizi huenda juu apende asipende. Katika ghuba, ambako mara nyingi huoni hata mita moja mbele, hajui anapanda mpaka masikio yamwambie au kichwa kitokeze juu ya maji.

Infleta zote kumi na mbili zimefunguliwa. Utaratibu tuliofuata:

Chomoa paipu ya presha ya chini, inayoleta hewa kutoka mtungini, na ubonyeze vitufe vyote viwili hadi hewa iishe. Kata kebo tai zinazoshika paipu la mikunjo, ukiuelekeza mkasi mbali na paipu, na uvute infleta nje. Fungua kichwa cha kuunganishia. Katika aina nyingi ndani yake kuna vali ndogo inayofanana na ile ya gurudumu la baiskeli, na hufunguliwa kwa kifunguo kilekile kinachouzwa na mafundi wa boda boda. Kifunguo hicho nunua, ila vali ya gurudumu usiinunue. Springi yake na mpira wake vimetengenezwa kwa kazi nyingine, na jaketi inayojazwa kwa vali ya baiskeli itapitisha hewa kidogo mno, au itavuja presha ikipanda. Tumekuta moja ya namna hiyo kwenye jaketi ya mtumba. Ilikuwa imekaa vizuri sana, ikazuia hewa nusu.

Kilichokwamisha vitufe vitatu hakikuwa kutu. Ilikuwa grisi. Mtu aliipaka kwa wingi akidhani anailinda infleta, udongo laini ukaingia na kuchanganyika nayo, na mchanganyiko huo ukafanya kazi kama dawa ya kusagia vali za injini: kila bonyezo linasaga shina la kitufe na kula oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa kuvuja. Grisi ya silikoni ipakwe kiasi cha oringi kung'aa tu. Ukiiona nyeupe mahali popote, imezidi, ifute.

Kuhusu mafuta ya mgando ya kujipaka: yasikaribie jaketi. Mpira wa aina ya EPDM na mpira asilia huvimba na kulainika yakiugusa. Oringi mbili zilizokuwa zimepakwa zilitoka zikiwa nene kuliko mfereji wake, ndiyo maana kitufe kilihitaji nguvu ya dole gumba zima kukibonyeza na hakikurudi chenyewe.

Kusafisha: kwa jaketi za ziwa, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo na mswaki laini vinatosha. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji tumeitumia kwa zile nne za Pwani pekee, kwa sababu zina chokaa na chumvi iliyoganda. Dakika 15 zinatosha. Zaidi ya hapo krome huanza kumomonyoka, hasa ikiwa tayari ina mkwaruzo. Baada ya siki, suuza kwa maji mengi na ukaushe kwa hewa ya presha ndogo.

Oringi zote zimebadilishwa hata zilizoonekana nzima, na vali ndogo zote pia, kwa seti ya mtengenezaji wa kila jaketi. Ni bei ya chini ukilinganisha na jaketi, na kufungua infleta tena baada ya miezi mitatu kwa sababu ya oringi moja ni uvivu uliojificha kama ubahili.

Paipu la mikunjo: livute kidogo na uangalie mabonde ya mikunjo, maana nyufa huanzia humo, si kwenye vilele. Namba 2 na namba 9 zimepata paipu mpya. Zile zenye waya wa kuvutia vali ya bega ndani ya paipu zimekaguliwa ncha za waya. Uzi mmoja wa waya ukikatika ni dalili kwamba mingine iko njiani. Kebo tai tumetumia nyeusi. Nyeupe hukauka na kukatika upesi chini ya jua la hapa.

Februari, wiki ya tatu. Presha ya kati

Infleta nzuri huharibiwa na regileta mbaya (kifaa kinachopunguza presha ya mtungi ili mtu apumue), kwa hiyo mradi umelazimika kukagua pia hatua ya kwanza ya kila regileta, yaani sehemu inayofungwa kwenye mtungi, japo awali hazikuwamo. Presha ya kati, yaani ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda kwenye paipu, kwa aina nyingi hukaa kati ya 9 na 10 bar juu ya presha inayozunguka. Geji ya kuipimia huchomekwa kwenye paipu ileile ya jaketi, kwa hiyo hakuna sababu ya kutoipima.

Fungua mtungi, bonyeza kitufe cha kusafisha mdomo wa regileta mara kadhaa, kisha acha. Sindano ya geji inatakiwa kupanda na kusimama. Ikiendelea kujisogeza polepole baada ya kusimama, zaidi ya 0.3 bar ndani ya dakika chache, kiti cha hatua ya kwanza kimechoka. Regileta moja ilikuwa ikipanda hivyo bila kusimama. Jaketi iliyokuwa ikitumika nayo ilishalalamikiwa kwamba inajijaza yenyewe, na infleta yake ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena bila tatizo kupatikana. Tatizo halikuwamo humo. Presha iliyozidi ilikuwa ikishinda springi ya vali ya infleta.

Regileta hiyo imetolewa kazini na kupelekwa kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Jaketi tunaweza kuzifungua hapa. Hatua ya kwanza hatuifungui bila zana zake, vipimo vya mkazo wa bolti na seti kamili ya vipuri.

Februari, wiki ya nne. Kutoa kushinde kujaza

Watu wengi humaliza ukaguzi wakiona jaketi imeshika hewa usiku kucha. Kwetu kipimo kinachoamua ni kingine: je, vali zinaweza kutoa hewa upesi kuliko infleta inavyoiingiza? Jaketi inayoshika hewa lakini haitoi ni hatari kuliko inayovuja kidogo. Inayovuja humzamisha mtu polepole naye akajua, ilhali ile nyingine humrusha juu.

Kwenye tangi, mtungi ukiwa wazi na jaketi imefungwa chini kwa risasi (vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito), kitufe cha kujaza kimebonyezwa hadi mwisho na kushikiliwa. Vali ya usalama lazima ifunguke na iendelee kutoa, na kibofu kisizidi kukaza baada ya hapo. Kisha, kitufe kikiwa bado kimebonyezwa, vuta kamba ya bega: jaketi inatakiwa ianze kulegea. Kumi zimefaulu. Namba 7 ilikaza hadi mishono ikatoa sauti, tukaachia. Springi ya vali yake ya usalama haikuwa ya jaketi hiyo. Mtu aliweka springi ngumu zaidi iliyotoka kwenye jaketi nyingine. Springi za vali hufanana kwa macho. Weka za kila jaketi kwenye mfuko wake wenye namba, usizichanganye kwenye kopo moja.

Namba 11 ilitoa hewa vizuri ikiwa wima, lakini si ikiwa imelala. Kamba ya vali ya chini ilikuwa imefupishwa kwa fundo, na kitufe chake kimejificha chini ya mfuko. Hapa kuna mvutano wa kweli. Kamba ndefu hunasa kwenye wavu wa kizimba na kufungua vali bila wewe kujua, ukaanza kuzama ukiwa umeshikwa. Kamba fupi mno haipatikani kwa mkono wenye glavu. Tumeziacha na urefu wa kushikika kwa vidole viwili, na kuzipitisha chini ya mpira mwembamba ulioshonwa kando ya vali. Kwa wanaofanya kazi kwenye nyavu, vitufe vikubwa vya mviringo mwishoni mwa kamba vimeondolewa na mahali pake pamewekwa kipande cha mrija wa mpira. Mrija huteleza kwenye matundu ya wavu, kitufe hunasa.

Zoezi la kuchomoa paipu limeingizwa kwenye ukaguzi wa kila asubuhi: mkono mmoja juu ya kitufe cha kutoa, paipu la mikunjo limeinuliwa, mkono mwingine uvute kola ya kiunganishi na kuchomoa. Kiunganishi chenye udongo ndani ya kola hakichomoki chini ya presha. Kimwagie maji safi kila siku, paipu ikiwa na presha, ili maji yasiingie ndani yake.

Machi, wiki ya kwanza. Ndani ya kibofu

Tumetia maji ya uvuguvugu kupitia infleta mpaka theluthi ya kibofu, tukajaza hewa, tukatikisa pande zote, kisha tukamwaga kupitia paipu la mikunjo jaketi ikiwa kichwa chini, na mabaki kupitia vali ya chini. Maji yaliyotoka kwenye jaketi za vizimba yalikuwa ya kijani kibichi mara ya kwanza na kahawia mara ya pili. Tumerudia mpaka yakatoka kama yalivyoingia.

Uchafu huo huingia kila mara mtu anapobonyeza kitufe cha kutoa huku mdomo wa infleta ukiwa ndani ya maji. Haiepukiki, kwa hiyo kusuuza ndani si kazi ya mwisho wa mwaka. Ni kazi ya kila siku ya kupiga mbizi.

Maji ya kuoshea yawe ya mfereji. Maji ya ziwa yaliyotekwa sasa hivi yana udongo uleule unaojaribu kuutoa, na yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Mfereji ukikauka, weka maji ya ziwa yaliyochujwa kwenye tangi lenye kifuniko, lisilo na konokono, kwa zaidi ya saa 48 kabla ya kuyagusa. Muda huo udongo pia hutulia chini. Chota ya juu.

Kuua viini: dawa ya aina ya amonia ya kwatenari, kwa kipimo cha kwenye chupa, dakika kumi, kisha suuza mara mbili. Jaketi hizi zinatumiwa na watu tofauti, na mdomo wa infleta ni mdomo. Dawa ya klorini ya kufulia tumeikataa: hutoboa springi za chuma cha pua vidoa vidoa na kuudhoofisha utando wa nailoni.

Sasa habari mbaya. Namba 3 na namba 12 zimekataliwa. Ndani ya kibofu kitambaa cha nailoni kimepakwa utando wa polyurethane, na baadhi ya aina za utando huo huvunjwa na maji pamoja na joto hata bila kutumiwa. Dalili ni tatu: harufu kali ya siki au ya matapishi unapofungua vali, pande mbili za ndani kugandamana na kuachana kwa sauti ya gundi, na vipande vidogo vya ngozi ya plastiki kutoka pamoja na maji. Namba 12 ilishika hewa usiku kucha. Namba 3 pia. Zote mbili zilikuwa zimehifadhiwa zikiwa zimekunjwa, zina maji ndani, kwenye stoo ya mabati. Utando uliofika hapo haurekebishiki, na vipande vyake huziba vali moja baada ya nyingine. Tumetoa bizimu, mikanda ya mtungi na mifuko ya risasi kuwa vipuri; vibofu vimekatwa katikati ili pasipatikane mtu wa kuvifufua.

Mshono wa bega wa namba 8 umezibwa kwa gundi ya polyurethane, baada ya kupangusa kwa spiriti na kukwaruza kidogo kwa msasa laini, na kuachwa saa 24. Kiraka cha namna hii tunakiruhusu kwenye tundu dogo mbali na vali. Mshono uliochomelewa ukiachana kwa urefu wa kidole, jaketi inaungana na namba 3.

Machi, wiki ya pili. Uwezo wa kunyanyua na uzito wa risasi

Lebo nyingi huandika uwezo kwa nyutoni: 160 N ni kama kilo 16. Ili kuupima, jaketi imefungiwa mzigo na kuachwa ndani ya tangi. Angalia unachofunga. Kilo 1 ya risasi ikiwa majini ina uzito wa kilo 0.91, kwa hiyo kupima kilo 16 unahitaji kilo 17.5 za risasi. Mawe ni mtego: kilo 16 za mawe ya kawaida majini zinabaki kama 10 tu, na jaketi iliyochoka itafaulu mtihani wa mawe. Jaketi zote kumi zilizobaki zimebeba kilichoandikwa.

Kipengele kinachosahaulika ni kwamba jaketi huchoshwa na risasi zilizozidi. Mpiga mbizi aliyefunzwa Pwani akija na mkanda wake uleule, amezidisha. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5, mtu na vifaa vyake vyote vikiwa kilo 100, anahitaji kama kilo 2.5 pungufu hapa. Asipozitoa, atazibeba kwa hewa ndani ya jaketi, kitufe kitabonyezwa mara nyingi zaidi, na hewa hiyo itabadilika ujazo kila anapopanda au kushuka hata mita moja.

Mwinuko nao unaongeza. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni karibu 0.88 bar. Lita moja ya hewa iliyoko ndani ya jaketi kwenye mita 5 huwa lita 1.5 ikifika juu Mombasa, na hapa huwa karibu 1.56. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chini ya vizimba kazi yote hufanyika katika kina hicho kifupi, ambako ujazo hubadilika kwa kasi zaidi.

Kipimo cha risasi kinafanywa mwisho wa kazi, mtungi ukiwa na bar 50. Mtungi wa lita 12 ukitoka bar 200 hadi 50 umepoteza lita 1,800 za hewa, ambazo ni zaidi ya kilo 2. Anayepima mtungi ukiwa umejaa atajikuta mwepesi wakati wa kurudi. Jaketi tupu, pumzi ya kawaida imeshikwa, maji yakae usawa wa macho.

Mifuko ya risasi: velkro zilikuwa zimejaa nyuzi za magugu maji. Kitana cha meno membamba kinazitoa vizuri kuliko mswaki. Mfuko uvutike kwa mkono mmoja, na usianguke jaketi ikigeuzwa kichwa chini na kutikiswa. Mkanda wa mtungi lowesha kabla ya kukaza, kwa sababu nailoni hulegea ikilowa. Ukinyanyua kwa kushika jaketi, mtungi usiteleze.

Aprili. Mvua za masika

Mito imejaa na maji ya ghuba yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya muda mfupi vitufe viwili vimeanza kuwa vizito, kwenye jaketi zilizopita vipimo vyote mwezi wa pili. Zimefunguliwa: udongo umekaa nyuma ya kitufe, juu ya oringi, bila kufika ndani. Kwa hiyo ratiba imegawanywa. Miezi ya kiangazi, infleta inafunguliwa kila baada ya miezi sita. Miezi ya mvua, kitufe kinatolewa na kusuuzwa kila mwezi, bila kugusa vali ndogo ya ndani. Seti kamili ya vipuri inabadilishwa mara moja kwa mwaka kama watengenezaji wanavyosema, na hilo halijabadilika.

Stoo imehamishwa kutoka kwenye mabati hadi chumba chenye madirisha ya wavu. Jaketi zinaning'inia kwenye hanga nene, zimejazwa nusu, paipu la mikunjo likielekea chini ili tone la mwisho litoke. Wavu wa dirishani umebadilishwa kuwa wenye matundu madogo zaidi, kwa ajili ya wadudu wa ziwa. Wanapokuja kwa mawingu huingia kila mahali, na mdomo wa infleta uliojaa wadudu wakavu hautaki kufikiriwa. Nyigu wa matope nao hujenga kwenye tundu lolote wanalolipata, ndiyo sababu kila mdomo una kifuniko cha kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Plastiki tuliijaribu, ikazuia unyevu kutoka.

Juni. Hali ya sasa

Jaketi kumi ziko kazini. Regileta imerudi kutoka Pwani kwa basi, pamoja na jaketi mbili zilizokuwa zimepelekwa kubadilishwa vali za bega. Moja ilipakiwa ikiwa na hewa ndani na vali imefungwa, chini ya mizigo mingine. Kati ya Nakuru na Kericho barabara hupanda zaidi ya mita 2,400, ambako hewa iliyofungwa usawa wa bahari hutanuka kwa karibu theluthi. Vali ya usalama haifunguki vizuri ikiwa imekandamizwa na gunia. Haikupasuka, ila imerudishwa kwenye tangi na kuwekwa usiku kucha kabla ya kupewa mtu. Kwa safari zijazo: toa hewa yote, kisha iache vali ya bega wazi kwa kufunga kamba yake ikiwa imevutwa kidogo, na andika kwenye mfuko kwamba imefungwa hivyo, ili anayeipokea aifungue kamba kabla ya kitu kingine chochote.

Yanayosubiri: kiraka cha namba 8 kukaguliwa tena kwa sabuni mwishoni mwa mwezi, namba 7 kupata springi yake halisi (kwa sasa inatumia vali nzima iliyotoka namba 12, ya mtengenezaji yuleyule, na imefaulu kipimo cha kutoa), na geji ya pili ya presha ya kati, kwa sababu iliyopo inazunguka kati ya vituo viwili na haipatikani siku inapohitajika. Mpaka ya pili ije, presha inapimwa Jumatatu kwa regileta zote, na isiyopimwa haipandi mashuani.